KWA NINI HATUUZIWI CHANELI MOJA MOJA? Historia ya kifurushi cha TV, posti 8

POSTI YA 1: SWALI LA NYANYA TATU



Tunaendelea na mfululizo wetu wa historia ya vitu vya nyumbani. Tulishaongea chandarua, tukaongea jiko la mkaa. Leo zamu ya kile kiboksi kilichokaa chini ya TV, king'amuzi. Swali limeletwa na mama mmoja wa humu humu. Aliandika hivi: "Nesi, nyumbani kwangu tunaangalia chaneli tatu tu. Watoto katuni, mimi tamthilia, baba yao mpira. Hizo nyingine sijui hata namba zake. Sokoni nikitaka nyanya tatu napewa nyanya tatu. Kwa nini kwenye king'amuzi nauziwa tenga zima?"

Komenti zilijaa. Wengi mlisema ni wizi mtupu, wengine mkasema serikali iwalazimishe wauze moja moja, yaishe.

Mimi ni nesi, sifanyi kazi ya televisheni. Ila swali hili lina historia ndefu na nzuri, na ukishaijua unalipa kifurushi chako kwa akili nyingine. Nitaandika kidogo kidogo, posti nane, ili hata anayenyonyesha asome kwa mkono mmoja.

Nawapa moja ya kuanzia: zipo nchi ambazo zililazimisha wenye TV kuuza chaneli moja moja. Na katika moja ya nchi hizo, watu wengi waliishia kulalamika kuwa bili imepanda. Imekuwaje? Twende taratibu.

POSTI YA 2: MKE ALIYETAKA KUONA TV

Tuanzie Marekani, maana ndiko biashara hii ilikozaliwa. Mwaka 1948, mji mdogo wa Astoria, jimbo la Oregon, kulikuwa na fundi na mwenye redio aitwaye Ed Parsons. Mkewe, Grace, alikuwa ameiona televisheni safarini Chicago, akamwambia mumewe na yeye anaitaka nyumbani. Shida ni kwamba kituo kilichokuwa karibu kilikuwa Seattle, kama kilomita 200 hivi, na katikati kuna milima. Ed akahangaika na antena mpaka akakuta mawimbi yanapatikana juu ya paa la hoteli iliyokuwa jirani. Akafunga antena pale juu, akavuta waya mpaka sebuleni kwao. Grace akaona TV.

Mnajua kilichofuata, tabia ya majirani ni ile ile dunia nzima. Sebule ikajaa watu. Ed akaanza kuwavutia na wao waya, kwa malipo.

Miaka hiyo hiyo, upande wa pili wa nchi, mji wa Mahanoy City jimbo la Pennsylvania, John Walson alikuwa na duka la vifaa vya umeme. Aliuza TV lakini haziuziki, kwa sababu mji uko bondeni na milima imeziba vituo vya Philadelphia. Naye akapandisha antena mlimani, akashusha waya.

Hapa tushike jambo moja. Hawa watu hawakuuza chaneli. Chaneli zilikuwa za bure, mwenye antena nzuri anazipata bila kulipa mtu. Walichouza ni WAYA. Na waya ukishafika kwako, unaleta kila kilichokamatwa na antena kule juu. Hakuna aliyefikiria kuchagua, maana hakukuwa na cha kupunguza. Kuleta chaneli moja au tatu, gharama ya nguzo na waya ni ile ile.

Kwa hiyo kifurushi cha kwanza hakikuwa ujanja wa mtu. Ilikuwa kama bomba la maji: ukifungua, maji yanakuja, huchagui matone.

POSTI YA 3: CHANELI YA KULIPIA ILIANZA MOJA MOJA!

Sasa sikilizeni hii, maana hata mimi ilinishangaza. Tarehe 8 Novemba 1972, huko huko Pennsylvania, mji wa Wilkes-Barre, ilianza chaneli iitwayo HBO. Siku ya kwanza ilikuwa na wateja 365 tu. Na ilipitia kwenye waya wa kampuni ya yule yule John Walson mwenye duka.

HBO haikuwa kwenye kifurushi. Ulikuwa na waya wako wa kawaida, ukitaka HBO unaongeza pesa yake peke yake, hutaki unaacha. Yaani kile tunachokililia leo, kulipia chaneli moja unayoitaka, ndicho kilichotangulia!

Mwaka 1975 HBO ikapaa. Lile pambano la Muhammad Ali na Joe Frazier kule Manila, waliirusha kwa satelaiti. Kabla ya hapo chaneli kama hiyo ililazimika kusafirishwa mnara kwa mnara. Sasa mtu yeyote mwenye dishi kubwa Marekani anaweza kuikamata na kuiingiza kwenye waya wake. Mlango ukafunguka: ESPN ya michezo ikaja 1979, CNN ya habari 1980, MTV ya muziki 1981, na nyingine nyingi nyuma yao.

Swali likawa: hizi zote tuziuzeje? Kuuza moja moja kulikuwa na kazi. Waya ule wa zamani ulipeleka kila kitu kila nyumba, kwa hiyo kumzuia mteja asione chaneli asiyoilipia, fundi alilazimika kupanda nguzo na kufunga kichujio kwenye waya wa nyumba ile. Akibadilisha mawazo, fundi apande tena. Hebu fikiria nyumba elfu kumi, kila moja na orodha yake.

Ikaonekana rahisi kuzifunga pamoja. Na wenye chaneli nao wakapenda, kwa sababu moja kubwa: walianza kulipwa kwa kila nyumba yenye kifurushi, ITAZAME ISITAZAME. Bibi asiyejua hata mpira una dakika ngapi, kila mwezi pesa yake ndogo inakwenda kwenye chaneli ya michezo. Na kijana wa michezo, pesa yake inakwenda kwenye chaneli ya mapishi ya bibi.

Miaka ikapita, vikaja viboksi vya kisasa vinavyofungua na kufunga chaneli kutoka ofisini bila fundi kupanda nguzo. Sababu ya kichujio ikafa. Kifurushi hakikufa. Kwa nini? Hapo ndipo penye hesabu.

POSTI YA 4: HESABU YA NYUMBA TATU

Chukueni kalamu. Majina ni ya mfano, na bei ni za mfano.

Kuna chaneli mbili tu duniani, katuni na mpira.

Nyumba ya Mama Neema: katuni yuko radhi atoe 8,000 kwa mwezi. Mpira, kwa ajili ya kaka yake anayekuja wikiendi, 3,000.

Nyumba ya Mzee Juma: mpira yuko radhi atoe 9,000. Katuni, kwa ajili ya wajukuu, 2,000.

Muuzaji akiuza moja moja, bei inayomlipa zaidi ni katuni 8,000 na mpira 9,000. Mama Neema ananunua katuni tu, Mzee Juma mpira tu. Muuzaji anapata 17,000.

Akifunga zote mbili kwenye kifurushi cha 11,000? Mama Neema jumla yake ni 11,000, analipa. Mzee Juma jumla yake ni 11,000, analipa. Muuzaji anapata 22,000! Kuirusha chaneli kwenye nyumba ya pili hakumgharimu chochote cha maana, kwa hiyo hiyo 5,000 iliyoongezeka ni faida.

Umeona? Siri ni kwamba watu wanatofautiana wanachokipenda, na kifurushi kinazisawazisha tofauti zao. Wachumi waliliandika jambo hili tangu miaka ya 1960, wakichunguza namna kampuni za Marekani zilivyokuwa zikiwauzia wenye kumbi na vituo filamu kwa mafungu, nzuri na mbovu pamoja.

Sasa aje Mama Rehema. Ana chumba kimoja, mtoto mmoja, na uwezo wake wa katuni ni 5,000. Mpira kwake ni sifuri. Kifurushi ni 11,000. Mama Rehema anakosa kila kitu.

Je, muuzaji angeuza moja moja kwa ajili yake? Katuni angeishusha hadi 5,000, wangenunua yeye na Mama Neema, 10,000. Mpira 9,000 kwa Mzee Juma. Jumla 19,000. Bado ni pungufu ya 22,000. Kwa hiyo muuzaji anamuacha Mama Rehema nje, wala hana chuki naye.

Mshikeni huyu Mama Rehema, maana historia yote iliyobaki inamhusu. Nyumba zenye watu wengi na ladha nyingi, kifurushi hakiwaumizi sana. Anayeumia ni mwenye pesa kidogo na hamu ya kitu kimoja.

POSTI YA 5: WAMAREKANI WALIVYOBISHANA

Wamarekani walilalamika kama tunavyolalamika sisi. Malalamiko yakafika kwa mamlaka yao ya mawasiliano, FCC.

Mwaka 2004 FCC ikatoa ripoti. Ikasema nyumba ya kawaida inaangalia kama chaneli 17 hivi, na kwamba kama chaneli zikiuzwa moja moja, mtu akichukua 9 au zaidi huenda bili yake ikapanda kuliko ya kifurushi. Kwa maneno yetu: Mama Rehema atapona, nyumba ya Mama Neema yenye watoto wanne na shangazi itaumia.

Mwaka 2006, chini ya mwenyekiti Kevin Martin, FCC hiyo hiyo ikatoa ripoti nyingine ikisema ile ya kwanza ilikuwa na makosa ya hesabu, na kwamba wengi wangeweza kuokoa pesa. Ofisi moja, majibu mawili, miaka miwili haijatimia. Mwaka 2013 Seneta John McCain akapeleka muswada wa kuwasukuma wenye TV wauze moja moja. Haukupita.

Lakini soko lilikuja kutoa jibu lenyewe. Kufikia mwaka 2015 hivi, ESPN ilikuwa inalipwa zaidi ya dola 6 kwa mwezi kwa kila nyumba yenye kifurushi. Watu wakasema, si watuuzie peke yake, tulipe hiyo 6 tuondoke zetu? Agosti 2025, ESPN wakaanza kweli kuuza huduma yao kamili moja kwa moja kwa mtazamaji kupitia intaneti, bila kampuni ya waya katikati. Bei? Dola 29.99 kwa mwezi.

Msishtuke, ni hesabu ile ile. Ndani ya kifurushi walikuwa wanalipwa na mamilioni ya nyumba ambazo hata hazitazami. Ukitoka nje ya kifurushi, wale wote wanaondoka, na mzigo unabaki kwa wapenzi wa michezo peke yao.

Hili naomba tuliweke kichwani: BEI YA CHANELI MOJA SI BEI YA KIFURUSHI GAWANYA KWA IDADI YA CHANELI. Kifurushi cha 30,000 chenye chaneli 100 hakina maana kwamba kila chaneli ni 300. Nyingine thamani yake kwa muuzaji ni kama sifuri, zimewekwa kujaza hesabu. Nyingine mbili tatu ndizo zimebeba karibu bei yote. Ukitaka moja, utatajiwa bei ya ile iliyobeba.

POSTI YA 6: INDIA WALILAZIMISHA

Ndiyo ile nchi niliyowaahidi.

India kulikuwa na vijana wa waya wa mtaani. Anakuja na baiskeli au pikipiki, anakuvutia waya, unampa pesa kila mwezi, unapata mamia ya chaneli. Mamlaka yao, TRAI, ikasema hapana, mteja achague. Kuanzia tarehe 1 Februari 2019 utaratibu mpya ukaanza: unalipa rupia 130 na kodi juu yake kwa nafasi ya chaneli 100 za mwanzo, ambazo unaweza kujaza za bure. Baada ya hapo, kila chaneli ya kulipia ina bei yake imetangazwa wazi, unachagua moja moja kama nyanya. Na chaneli inayotaka kuingia kwenye kifurushi, bei yake ya peke yake isizidi rupia 19.

Kwenye karatasi, ndoto ya komenti zenu zote ilitimia.

Nini kikatokea? Kwanza, chaneli zile kubwa za tamthilia za Kihindi, ambazo hata huku tunazijua, zikajipanga kwenye 19 hiyo hiyo. Ile bei ya juu kabisa ikageuka kuwa bei ya kawaida. Pili, wenye chaneli wakatoa vifurushi vyao vyenye punguzo kubwa mno. TRAI wenyewe walikuta mapunguzo yaliyofika asilimia 70 ukilinganisha na kununua moja moja. Yaani chaneli kumi kwa bei ya tatu. Sasa nani ataenda kuokota moja moja? Anayechagua anaonekana mjinga.

Tatu, bili. Kampuni ya tathmini ya CRISIL ilikadiria kwamba mtazamaji anayechagua chaneli kumi zinazopendwa zaidi atatoka kwenye rupia 230 au 240 kwa mwezi hadi 300 hivi. Aliyechagua chache sana ndiye aliyepata nafuu. Mmeona? Mama Rehema wa India alipona, Mama Neema wa India akaumia. Ripoti ya Wamarekani ya 2004 ilikuwa imelitaja jambo lile lile.

Januari 2020 TRAI wakajaribu kurekebisha. Wakashusha ile 19 kuwa 12, na zile chaneli 100 za mwanzo zikawa 200 kwa 130 ile ile. Wenye vituo wakaenda mahakamani. Kesi zikavutana, na Novemba 2022 kikomo kikarudi 19.

Kanada nao walijaribu, kwa upole zaidi. Mwaka 2015 mamlaka yao iliamuru kampuni ziwe na kifurushi cha msingi kisichozidi dola 25 za kwao, na kufikia Desemba 2016 mteja aweze kuongeza chaneli moja moja juu yake. Kile kifurushi cha msingi kiliwafaa wachache wanaoangalia kidogo. Lakini walalamikaji hawakukosa, maana kodi ya kiboksi ililipwa pembeni, na chaneli moja moja zikijumlishwa zinakufikisha kule kule.

Hivyo haki ya kuchagua ni nzuri, lakini peke yake haitoshi, kwa sababu anayepanga bei ya chaneli moja ni yule yule anayetaka ununue kifurushi.

POSTI YA 7: TURUDI KWETU

Sisi hatukupitia kwenye waya, wengi wetu tuliruka moja kwa moja.

Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara tulikaa bila kituo hata kimoja mpaka 1994. Kwa hiyo wakati bara tunapata TV ya kwanza ya bure, Afrika Kusini tayari walikuwa na M-Net ya kulipia tangu 1986, na mwaka 1995 DStv ikaanza na dishi na vifurushi vyake. Kifurushi kilitufikia kikiwa kitu kizima, kimeshakomaa kwingine. Hatukuulizwa kama tunakitaka hivyo.

Mwaka 2007 ikaja GTV. Wanaokumbuka mnyooshe mikono! Walikuwa na sehemu kubwa ya mechi za ligi ya England, na bei iliyoonekana ya mtu wa kawaida. Januari 2009 ikafa ghafla. Watu walilala na king'amuzi, wakaamka na kiboksi cha kutandikia kitambaa. Mpira ndio unaovuta wateja, lakini haki za kuonyesha mpira ni ghali mno, na kampuni isiyo na wateja wa kutosha inazama nazo.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, mikoa mingine ikafuata. Hapo king'amuzi kikaacha kuwa anasa. Hata wa chaneli za bure, bila kiboksi au TV yenye king'amuzi ndani, huoni kitu. Mwaka mmoja baadaye, mwishoni mwa 2013, Azam TV ikaanza, na ligi yetu ya Simba na Yanga ikawa ndiyo nguzo yake. Mwaka 2021 walisaini na TFF mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Ni wastani wa zaidi ya bilioni 22 kwa mwaka. Pesa hiyo inatoka kwenye vifurushi, pamoja na cha mama anayeangalia tamthilia tu. Tuseme ukweli wote lakini: hiyo hiyo ndiyo inayosaidia timu ndogo za mikoani kusafiri na kulipa mishahara.

Kisha Agosti 2018. TCRA iliagiza ving'amuzi vya dishi, Azam, DStv na Zuku, viondoe chaneli za ndani za bure, kwa sababu leseni zao hazikuruhusu kuzibeba, na wananchi walikuwa wanalalamika kwamba kifurushi kikikata hata chaneli ya bure inakata. Agizo lilikuwa na hoja. Lakini nyumbani kilichotokea ni kwamba mwenye dishi alikosa taarifa ya habari ya saa mbili, na wengi wakalazimika kutafuta kiboksi cha pili cha antena. Baadaye utaratibu ukabadilishwa na chaneli zikarudi.

Jibu letu wenyewe kwa Mama Rehema lilikuja kwa njia ya kiswahili kabisa: kupima. Sisi ndio watu wa mafuta ya kupima, sukari ya robo, vocha ya jero. Ving'amuzi vya antena vikaleta vifurushi vya siku na vya wiki. Hawakukata chaneli, WALIKATA SIKU. Mama Rehema hawezi kununua katuni peke yake kwa mwezi, lakini anaweza kununua tenga zima kwa Jumamosi na Jumapili, siku ambazo mtoto yuko nyumbani.

Binafsi naona hii imemfaa kuliko sheria ya India.

POSTI YA 8: SASA TUFANYEJE?

Nimalizie kama nesi.

Wodini dawa ya antibayotiki tunakusisitizia umalize dozi hata kama umepona siku ya tatu. Dozi haikatwi. Wapo watu wanalipa TV kwa mtindo huo: mwezi ukiisha, kifurushi kile kile, bila kujiuliza. TV si dozi. Inakatwa.

Moja. Kwa wiki mbili, andika kwenye karatasi chaneli zilizoangaliwa na siku zake. Usikisie, andika. Kama nyumba yako inaangalia chaneli nyingi za aina tofauti kila siku, wewe ni Mama Neema, kifurushi cha mwezi ni rafiki yako, acha kulalamika. Kama ni mbili tatu na siku chache, wewe ni Mama Rehema, angalia cha siku au cha wiki.

Mbili. Jumlisha kabla ya kufurahia. Cha siku ukikinunua siku 20, unaweza kukuta umeshapita bei ya mwezi. Kupima kunaokoa pale tu unapopima kidogo.

Tatu. Angalia ni chaneli gani imebeba bei. Ukishuka kifurushi cha chini, mara nyingi kinachoondoka ni mpira na filamu mpya. Kama ligi imesimama mapumziko ya msimu na baba yao haangalii kitu kingine, hiyo miezi ya nini kulipia cha juu? Kaeni mzungumze kama familia. Pesa hiyo ni daftari na viatu vya shule.

Nne, na hii ndiyo ya moyoni kwangu. Wengi mnasema mnalipa cha juu kwa ajili ya katuni za watoto. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, wa mwaka mmoja vile vile haishauriwi, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo bora zaidi. Saa moja! Sasa chaneli tano za katuni usiku na mchana ni za nani? Mtoto wa miaka mitatu, saa yake moja inaweza kutoka kwenye kipindi cha watoto cha chaneli ya bure, zilizobaki acheze na udongo, ahesabu vifuniko vya soda, akusumbue jikoni. Anakua hivyo.

Tano. Tukitaka kudai kitu kwa mamlaka na kampuni, tudai chenye maana. Tusiishie kusema "chaneli moja moja", maana tumeona India ilivyokwenda. Tudai chaneli za bure zibaki zinaonekana kifurushi kikiisha, na vifurushi vya siku viwepo kwenye kila aina ya king'amuzi, vya dishi pia. Na kama siku moja wataanza kuuza moja moja, bei yake isipangwe kwa makusudi ya kutukimbiza turudi kwenye tenga.

Yule mama wa nyanya tatu, jibu lako ndilo hili: mwenye duka anaweza kukuuzia tatu, mitambo inaruhusu siku nyingi. Ila nyanya hizo tatu ndizo zilizolibeba tenga lote, na anajua.

Nisaidieni kwenye komenti: nyumbani kwako ni chaneli ngapi hasa zinaangaliwa? Andika namba tu, na kama wewe ni Neema au Rehema. Wiki ijayo tunaingia kwenye historia ya nepi, kuanzia kitambaa cha khanga mpaka pampasi. Mlale salama, na mwenye mtoto mwenye homa asisubiri tamthilia iishe, kituo cha afya kwanza.